Muhuri wa Jimbo la Ng'ambo

Bado ninao. Umo ndani ya kopo la maziwa ya unga
pamoja na vifungo vya mashati na betri zilizokufa:
JIMBO LA NG'AMBO, KITUO NAMBA SABA,
na tarehe iliyogota, kwa kuwa gurudumu lake limeshika kutu.
Wajukuu huniuliza, Ng'ambo ni wapi?
Nawaonyesha hapa tulipokaa.

Lilikatwa kwa mto. Waliokuja na ramani
walisema Sabaki ndio mpaka, basi,
wakachora mstari mmoja wa buluu, wakanywa madafu, wakaenda Malindi.
Hawakumuuliza mtu kama mto hulala mahali pamoja.
Mwaka wa mafuriko ukageuka ubavu,
nyumba saba za ukoo wa Mwavuo zikaamkia jimbo jingine
bila ya kukunja hata mkeka.
Mzee Dzombo akaja kupiga kura, jina hamna.
"Mimi sikuhama," akaniambia. "Aliyehama ni mto.
Mwandike yeye."

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya mwandiko.
Wagombea siku hizo walikuwa picha: taa, jembe na chungu.
Taa alikuwa Bwana Shekuwe, mwenye duka la vitambaa mjini.
Jembe alikuwa mwalimu Kitsao.
Chungu alikuwa Mbodze, mwanamke peke yake,
aliyekibeba chungu chenyewe kichwani, kitupu,
akikigonga ua kwa ua: "Sikieni kinavyolia.
Hiyo ndiyo hotuba yangu."
Alipata kura mia mbili na sita.
Nilizihesabu kwa mwanga wa karabai, mara mbili.
Moja najua ilikotoka.

Kisha ukaja mwaka wa mlolongo.
Sanduku likabaki stoo, kuku akalitagia.
Watu walipangwa uwanjani nyuma ya picha;
muuza mkaa nyuma ya jembe, mkewe nyuma ya taa,
kila mmoja akitazama kisogo cha mtu aliye mbele yake.
Mstari wa jembe ulipita vyoo vya shule,
ukaupita mkorosho, ukatokea barabarani.
Mstari wa taa ungeenea darasa moja, na madawati yake ndani.
Msimamizi akatazama saa, akatangaza taa.
Niliandika mimi.
Kwa mkono huu. Mwandiko mzuri, kila mtu alisema.

Daraja? Jiwe lake la msingi lilizinduliwa mara tatu.
Lipo. Ni gumu, halina nyufa.
Wanawake hunolea visu juu yake wakati wa kupaa samaki.

Jimbo lenyewe lilikufa siku ya Ijumaa
katika gazeti la serikali, kurasa za ndani,
kati ya hati ya shamba iliyopotea na jina la mtu aliyefilisika.
Watu hawakutosha, waliandika. Nusu iende kaskazini, nusu mjini.
Hatukuketi matanga. Jirani hakuleta hata uji.
Mbodze alikuwa keshakufa, na Kitsao haoni.
Nilimsomea tangazo hadi mwisho,
akaniuliza kama wamelipiga muhuri.

Mwezi uliopita vijana wa uandikishaji walikuja na mashine.
Nikaweka kidole. Nikaweka kingine.
"Bibi, vidole vyako havisomeki."
Nikamwambia wino wa serikali umevila miaka thelathini.
Akacheka kwa adabu. "Jimbo?"
"Ng'ambo."
Akatafuta, akashuka chini, akapanda juu.
"Halimo."
"Tafuta tena."
Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa.

Nilirudi nyumbani nikafungua kopo.
Kidau cha wino kimekauka, nikakoroga bizari na mafuta,
nikampiga mjukuu wangu Kadii muhuri kiganjani,
ng'a, kwa uzito wa zamani.
Akagoma kunawa.
Usiku ule alikula wali kwa kijiko.